Ustawi wa jamii wamemchukua mtoto: jinsi ya kupinga Mahakama Kuu (Tanzania Bara)

Kabla ya kuandika chochote, jua mtoto ameshikiliwa kwa karatasi gani. Wengi hukwama hapa.

Kama ipo amri ya Mahakama ya Watoto, njia ni rufaa Mahakama Kuu. Kama ni uamuzi wa afisa ustawi peke yake, njia ni mapitio ya mahakama: unaomba uamuzi ufutwe (sershiorari), afisa alazimishwe kutimiza wajibu wake (mandamusi), au azuiwe kuendelea. Kama hakuna karatasi yoyote na mtoto amezuiliwa, omba habeas kopasi (amri ya kumleta mtu aliyezuiliwa mbele ya mahakama) kupitia Sura ya 20, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Nafuu hizi ni urithi wa sheria ya majaji wa Uingereza, ambayo Sura ya 358 (Judicature and Application of Laws Act) inaipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kilatini chote hicho kilikuja na mzigo huo.

Hatua za mapitio ya mahakama ni hizi:

1. Andika barua kwa ofisi ya ustawi ya kuomba uamuzi kwa maandishi, nakala mbili. Masijala wagonge muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe kwenye nakala yako. Usiondoke bila muhuri huo. Siku ya siku ndio ushahidi wako.

2. Hesabu miezi 6 tangu siku ya uamuzi. Barua za kukumbushia na vikao vya usuluhishi havisimamishi hesabu hiyo.

3. Omba kwanza kibali cha Mahakama Kuu cha kufungua mapitio. Nyaraka ni tatu: hati ya maombi ya chemba (chamber summons), maelezo (wewe ni nani, unaomba nini, kwa sababu zipi) na kiapo cha maandishi kinachothibitisha ukweli. Mwanasheria Mkuu wa Serikali huitwa tangu hatua hii. Omba papo hapo utekelezaji wa uamuzi usimame.

4. Ukipata kibali, fungua maombi yenyewe ndani ya siku 14. Ukizembea, kibali hakikusaidii tena.

Kiapo ndicho kinachoua kesi nyingi. Tangu kesi ya Matovu ya Uganda, 1966, kanuni ni kwamba kiapo kibebe mambo ya ukweli tu, unayoyajua mwenyewe au uliyoambiwa na unayaamini: hakuna hoja za kisheria, hakuna maombi. "Tarehe fulani afisa alifika nyumbani akamchukua mtoto, hakuonyesha amri" inatosha. "Afisa alivunja sheria kwa dhuluma" inafutwa. Mwisho wa kiapo, hakikisha kamishna wa viapo (anayekuapisha) ameandika jina lake, mahali na tarehe. Pakiwa wazi, wakili wa Serikali ataweka pingamizi la awali, yaani kuomba maombi yako yatupwe kabla hayajasikilizwa.

Hoja yenye nguvu ni kifungu cha 7(2) cha Sheria ya Mtoto, 2009: mtoto asinyimwe haki ya kuishi na wazazi au familia isipokuwa mahakama imeamua hivyo. Afisa akidai dharura, uliza suala lilifikishwa mahakamani lini. Hoja ya pili ni kutosikilizwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nikishinda, jaji atanikabidhi mtoto?
Jibu: Usitegemee hivyo, mkuu. Sershiorari inafuta uamuzi. Haiamui nani alee. Afisa anaweza kuanza upya kwa utaratibu sahihi. Malezi yanaombwa kwenye mahakama yenye mamlaka ya kuamua malezi.

Swali: Mume wangu ndiye aliyemficha mtoto, sio Serikali. Nitumie njia hii?
Jibu: Hapana dada. Mapitio ni ya maamuzi ya mamlaka za umma. Wewe fungua maombi ya malezi.

Swali: Miezi 6 imepita.
Jibu: Omba kuongezewa muda kwanza, na ueleze kila siku ya ucheleweshaji. "Nilikuwa naumwa" bila cheti cha hospitali haipiti.

Swali: Kuna fomu inauzwa ya kuiambia mahakama haina mamlaka juu ya "mtu huru". Inafanya kazi?
Jibu: Haifanyi. Ni mtindo wa Marekani, na hata huko majaji huitupa. Pesa hiyo lipia ada ya kufungua maombi.