Kutafuta maada giza kwa data ya Fermi: shughulikia kwanza mionzi ya kosmiki

Uwe Kigoma mjini au Kasulu, ukiwa na kompyuta yenye Linux na bando la kutosha, unaweza kuichambua data ileile wanayotumia watafiti wa NASA. Darubini ya Fermi ilirushwa mwaka 2008 na data yake hutolewa bure. Tunachosaka ni miale ya gamma (mwanga wenye nishati kubwa mno) inayoweza kutokea chembe za maada giza, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu, zikikutana na kuangamizana. Tatizo ni kwamba mionzi ya kosmiki, yaani chembe za kasi kubwa zinazosafiri angani, nyingi zikiwa protoni, nayo huzaa gamma.

1. Chagua shabaha. Usikimbilie katikati ya galaksi yetu. Anza na Draco, galaksi ndogo jirani yetu (mahali pake angani kwa digrii: RA 260.05, Dec 57.92). Kigalaksi hicho kina maada giza tele na karibu hakina gesi, kwa hiyo protoni za kosmiki hazipati cha kugonga.

2. Chuja. Kwenye gtselect, mojawapo ya programu za bure za kuchambua data ya Fermi, weka evclass=128 na evtype=3 (aina ya matukio ya kubakiza), na zmax=90 (pembe ya mwisho kutoka utosini, kwa digrii). Hiyo 90 usiiguse: mionzi ya kosmiki ikipiga angahewa yetu, ukingo wa Dunia hung'aa kwa gamma.

3. Weka modeli ya mandharinyuma, gll_iem_v07, yaani makadirio ya gamma zinazotoka kwenye galaksi yetu yenyewe. Hapa nenda taratibu. Draco haina gesi, lakini tunaitazama kupitia gesi ya galaksi yetu. Protoni ikigonga haidrojeni hiyo iliyotanda kati ya nyota, huzaliwa paioni isiyo na chaji (chembe ya muda mfupi sana), nayo huvunjika papo hapo kuwa gamma mbili. Hizo ni gamma halisi, hakuna chujio la kuzikamata. Zinakadiriwa tu, kwa ramani za gesi. Usiku wa giza pale Ujiji ziwa hujaa taa za wavuvi wa dagaa: huwezi kusema umeona chombo kigeni kama hujui taa za wenyeji ziko wapi. Ndiyo maana ziada ya gamma katikati ya galaksi, iliyoripotiwa mwaka 2009, inabishaniwa hadi leo. Wapo wanaosema ni maada giza, wapo wanaosema ni pulsa za zamani (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi), na gesi ya huko ni nyingi mno.

4. Endesha gtlike, programu inayolinganisha modeli na data. Acha Prefactor (kipimo cha ukubwa) ya gll_iem_v07 iwe huru, kisha soma TS ya Draco, namba inayoonyesha uzito wa ushahidi kwamba kuna chanzo pale. Ikiwa chini ya 25, usitangaze kitu.

5. Pima patupu. Binafsi naiona hii kuwa hatua muhimu kuliko zote. Chagua sehemu kadhaa za anga zisizo na chanzo kinachojulikana, latitudo yake kutoka bapa la galaksi yetu ikiwa ileile ya Draco, na urudie kila kitu. TS kubwa ikijitokeza na huko, ulichokipata Draco huenda ni makosa ya modeli.