Somo: Kutengeneza Chipu ya Sauti ya iPhone 7 Inayokwama Kwenye Nembo

Fundi yeyote aliyezoea kufungua iPhone 7 na 7 Plus, simu zilizotoka mwaka 2016, anaujua ugonjwa huu: simu inakaa kwenye nembo dakika kadhaa kabla ya kuwaka, na ikishawaka, kitufe cha spika wakati wa kupiga kimefifia na programu ya kurekodi sauti haikubali kubonyezwa. Baadaye hukwama kwenye nembo moja kwa moja, na mteja huambiwa kwamba bodi imekufa. Mara nyingi kilichoharibika ni kidogo sana. Chini ya chipu ya sauti, ambayo kwenye mchoro imeandikwa U3101, pedi ya C12, yaani kiduara cha shaba kinachopitisha mapigo ya saa kutoka kwenye prosesa, imeachana na njia yake kwa sababu bodi imekuwa ikipindapinda mfukoni.

Ndiyo maana kuichemsha chipu kwa blowa, yaani mashine ya kupuliza hewa ya moto, bila kuing'oa hakufai, kwa kuwa joto huigusanisha shaba iliyokatika kwa muda tu, na simu hurudi mezani kwako ikiwa na mteja mwenye hasira.

Anza kwa kuchomoa betri na kuitoa bodi yote nje, kisha funika sehemu za jirani, hasa prosesa na memori, kwa utepe unaostahimili joto. Paka fluksi, yaani dawa inayosaidia lehemu kuyeyuka na kushika vizuri, kuizunguka chipu, weka blowa kwenye nyuzi 350 hivi na upepo wa wastani, uizungushe bila kuituliza mahali pamoja. Lehemu ya kiwandani haina risasi na huyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi kidogo, kwa hiyo usiwe na haraka: iguseguse chipu kwa ncha ya kibanio, na ikianza kuchezacheza kama iliyo juu ya maji, inyanyue wima. Ukiivuta kabla ya hapo utang'oa na pedi nzima.

Safisha mabaki kwa pasi ya lehemu na utambi wa shaba, bila kukandamiza. Chini ya hadubini, tafuta nukta inayoonyesha kona ya A1, yaani pedi ya kwanza ambako hesabu huanzia, hesabu herufi na namba mpaka C12, kisha kwangua taratibu mpaka shaba ya njia ing'ae. Lehemu hapo waya wa shaba wa milimita 0.02, ukunje mwisho wake uwe kiduara palepale ilipokuwa pedi, na uubane kwa gundi ya kijani inayokauka kwa mwanga wa urujuanimno. Kazi yote iko hapa; mimi humaliza muda mwingi kwenye waya huu kuliko kwenye hatua nyingine zote zikijumlishwa.

Chipu nayo iwekewe vitone vipya vya lehemu kwa kutumia bati lenye matundu na lehemu ya uji (pesti) inayoyeyuka kwenye nyuzi 183. Irudishe ikifuata nukta yake, pasha joto, na vitone vikiyeyuka utaiona ikijivuta yenyewe na kukaa sawa. Acha bodi ipoe bila kuipuliza, ioshe kwa spiriti, kisha ujaribu kurekodi sauti kabla ya kufunga kioo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Simu yangu haiwaki kabisa, na nikiiunganisha na pawa saplai inakula mkondo kabla sijabonyeza kitufe.

Jibu: Marahaba. Huo si ugonjwa huu. Una shoti kwenye njia kuu ya umeme. Tafuta kwanza kapasita inayopata moto, na chipu ya sauti usiiguse.

Swali: Chipu yangu imepasuka nikiing'oa. Naweza kuchukua ya bodi nyingine iliyokufa?

Jibu: Unaweza, mradi iwe ya toleo lilelile, kwa sababu chipu ya sauti haijafungwa na prosesa, yaani haijasajiliwa kufanya kazi na prosesa moja tu.

Swali: Nimeweka waya, simu inawaka haraka, lakini kurekodi bado hakukubali.

Jibu: Weka mita kwenye alama ya dayodi, upime pedi za mstari huohuo wa 12 ukilinganisha na bodi nyingine isiyo na hitilafu. Mara nyingi jirani wa C12 naye ameshalegea, na itabidi chipu ing'olewe tena.