Fidia ya PTSD kwa waliotumikia jeshi la Marekani: dai la VA, kisha CRSC

Aliyetoka jeshi la Marekani akiwa na PTSD, ugonjwa wa akili unaofuata kiwewe, ana milango miwili ya kubisha, na wengi huidhani ni mmoja. Wa kwanza ni VA, wizara ya wanajeshi wa zamani. Hiyo inauliza kama ugonjwa ulitokana na utumishi, na umekuharibia maisha kwa kiasi gani. Wa pili ni tawi lako mwenyewe la jeshi, linalotoa CRSC, yaani malipo maalumu kwa wastaafu wa jeshi ambao ulemavu wao ulitokana na vita. Huko hawapimi tena ukali wa ugonjwa. Wanataka karatasi zinazoonyesha kwamba vita ndivyo vilivyokuumiza. Mtu anaweza kupewa asilimia 70 na VA na bado akanyimwa CRSC kwa ugonjwa uleule. Ndiyo maana ushahidi wa mlango wa pili hukusanywa mtu akiwa bado kwenye wa kwanza.

Shika tarehe kabla ya kushika kalamu

Kwa kawaida fidia ya VA huhesabiwa tangu siku dai lilipopokelewa, si tangu siku ulipoanza kukosa usingizi. Basi kabla hujaanza kutafuta rekodi, wasilisha fomu 21-0966, inayosema tu kwamba unakusudia kudai. Inakupa mwaka mmoja wa kukamilisha dai lenyewe, fomu 21-526EZ, na ukishinda unalipwa tangu tarehe ile ya kwanza. Ukianzisha dai kwenye tovuti ya VA, kusudio hilo hujiandikisha lenyewe. Ukidai ndani ya mwaka mmoja tangu kutoka jeshini, hesabu inaweza kurudi hadi siku iliyofuata kuondoka kwako.

Tarehe hiyo ni pesa. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 1, 2024, asiye na mke, mume wala mtoto na mwenye asilimia 70 alikuwa akilipwa dola 1,759.19 kwa mwezi, bila kodi. Miezi sita ya kusitasita ni zaidi ya dola 10,500 zilizopotea.

Uraia wa Marekani si sharti; kinachoangaliwa ni utumishi na namna ulivyoruhusiwa kuondoka. Kama DD 214 yako, yaani hati ya kuondoka jeshini, inasema uliondolewa kwa sifa mbaya kiasi, usijihukumu mwenyewe: VA huipitia sababu na kuamua yenyewe. Pia unaweza kuomba hadhi hiyo ibadilishwe kwa fomu DD 293 ndani ya miaka 15, na bodi za jeshi zinazoyapitia zimeagizwa kuyaangalia kwa jicho la huruma maombi yanayohusu PTSD.

VA inataka vitu vitatu

Lazima kuwe na utambuzi wa ugonjwa unaofuata DSM-5, mwongozo wa magonjwa ya akili, tukio la kiwewe lililotokea jeshini, na maoni ya mtaalamu yanayounganisha viwili hivyo. Maoni hayo hayahitaji uhakika kamili. Yanatosha yakisema uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, maana mizani ikilingana, sheria inaagiza aliyetumikia ndiye apewe.

Kwenye tukio ndiko madai mengi hukwama, ingawa kanuni zenyewe zimelegezwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa ulipigana na adui ana kwa ana na kisa chako kinaendana na mazingira ya utumishi wako, maneno yako peke yake yanatosha kuthibitisha tukio. Beji ya Combat Infantryman au Combat Action, nishani ya Combat Action Ribbon au Purple Heart hufunga mjadala wa kama ulipigana. Kwa asiye na hizo, tangu Julai 2010 kuna njia nyingine: kama kiwewe kilitokana na hofu ya mashambulizi ya adui au magaidi, mfano kambi iliyokuwa ikipigwa makombora, maelezo yako yanatosha, mradi daktari wa akili au mwanasaikolojia wa VA, au aliyepewa mkataba na VA, akubali kwamba tukio hilo linatosha kuleta PTSD. Dereva wa lori na mpishi wa kambi wanaingia hapa. Tatizo ni kwamba njia hii ya hofu, inayokufaa kwa VA, haina uzito kama huo kwenye CRSC.

Shambulio la kingono au la kupigwa lina kanuni zake. Kwa kuwa mara nyingi halikuripotiwa, VA inapokea dalili za pembeni: ombi la ghafla la kuhamishwa, kushuka kwa tathmini za kazi, vipimo vya ujauzito au magonjwa ya zinaa, barua kwa ndugu, kuanza kulewa.

Fomu 21-0781

Hapa ndipo unapoeleza tukio, na hapa ndipo watu hujiponza. Tazama maelezo haya mawili ya kubuni. La kwanza: "Iraq tulishambuliwa mara nyingi, nikaona wenzangu wakifa, tangu hapo silali." Ni kweli tupu, lakini hakuna mtafiti wa rekodi anayeweza kulifanyia kazi. La pili: "Kati ya mwanzo wa Machi na mwisho wa Aprili 2006, karibu na Ramadi, nikiwa kombania B ya batalioni yangu, gari la pili katika msafara lililipuliwa na bomu la kutegwa barabarani. Mimi nilikuwa gari la tatu. Sajenti wa platuni yetu alifariki, nami nilisaidia kumtoa." Hili lina kipindi kisichozidi miezi miwili, mahali, kikosi na tukio ambalo lazima liliacha ripoti. Kama hukumbuki tarehe, itafute kwa kuzunguka: sikukuu gani ilikuwa karibu, ulikuwa umerudi likizo lini, nani alizikwa.

Usiandike kila ulichopitia. Matukio mawili au matatu yaliyoshikika yana nguvu kuliko kumi yanayoelea. Wala huna haja ya kueleza damu na harufu. Fomu inataka nini, lini, wapi. Iandike mchana, kwa vipande, mtu unayemwamini akiwa karibu. Ikikuzidi, simu ya dharura ya wanajeshi wa zamani ni 988, kisha bonyeza 1, saa zote.

Ambatisha maelezo ya mashahidi kwenye fomu 21-10210. Mwenzako wa kikosi athibitishe tukio. Mwenzi wako au ndugu aeleze alichokiona nyumbani. "Amebadilika" halisaidii. "Huamka mara tatu usiku kukagua vitasa, na tangu Juni tunalala vyumba tofauti kwa sababu alinikaba usingizini" linasaidia sana.

Rekodi za utumishi huombwa kwa fomu SF 180 kutoka kituo cha kumbukumbu cha St. Louis. Moto wa mwaka 1973 uliteketeza hapo mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi ya Jeshi la Nchi Kavu ya kabla ya 1960, na ya Jeshi la Anga ya kabla ya 1964. Likiwa lako lilikuwemo, tegemea rekodi za kikosi na mashahidi. Rekodi za daktari binafsi VA inaziomba ukisaini 21-4142. Ukiwa ulipata ushauri nasaha Vet Center, vituo vya ushauri vya VA, kumbuka kwamba mafaili yao yametengwa na ya hospitali za VA kwa ajili ya siri. Hayatoki bila saini yako, na mara nyingi ndiyo yenye maelezo bora kuliko yote.

Siku ya kupimwa

VA itakupangia uchunguzi, mara nyingi kwa kampuni yenye mkataba. Ripoti ya kwanza ya PTSD hujazwa na mtaalamu wa VA au wa mkataba tu; ripoti ya daktari wako ni nyongeza nzuri, haichukui nafasi hiyo. Ukikosa kufika bila sababu ya maana, dai litaamuliwa kwa karatasi zilizopo, na mara nyingi karatasi hizo hazitoshi. Kama siku haikufai, piga simu mapema ibadilishwe.

Mtaalamu huyo hakutibu. Anajaza fomu, na kile ambacho hukukisema hakitaandikwa. Aliyelelewa kwa Kiswahili ana mtego wa ziada: ukiulizwa habari, mdomo unajibu "nzuri" kabla akili haijafika. Jibu hilo, likiandikwa kwa Kiingereza kwenye ripoti, husomeka kama dalili kwamba umepona. Eleza wiki yako mbaya ya mwezi uliopita, na mara ngapi kwa mwezi inakuwa hivyo. Usiongeze chumvi pia. Wanalinganisha na rekodi za matibabu. Kama unakunywa pombe ili ulale, sema, maana ulevi unaotokana na PTSD unaweza kuhesabiwa pamoja nayo.

Asilimia zinavyogawiwa

PTSD hupewa 0, 10, 30, 50, 70 au 100. Hakuna 40 wala 60. Asilimia 30 ni ya anayefanya kazi kwa kawaida lakini mara mojamoja anateleza: usingizi mbovu wa muda mrefu, wasiwasi, hofu kali inayokuja mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Hamsini ni pale utendaji unapopungua waziwazi: hofu kali zaidi ya mara moja kwa wiki, kumbukumbu kukatika, mahusiano kuwa magumu. Sabini ni upungufu karibu kila upande, kazi, familia, uamuzi, hali ya moyo, pamoja na mawazo ya kujiua au hasira zinazolipuka. Mia moja ni kushindwa kabisa kazini na katika jamii.

Orodha hizo ni mifano, si mtihani wa kufaulu kila swali. Mahakama ilishasema hivyo mwaka 2002 katika kesi ya Mauerhan, na mwaka 2017 katika Bankhead ikaongeza kwamba mawazo ya kujiua yana uzito hata bila mpango wala kulazwa hospitali.

Ukiwa na ulemavu mwingine, asilimia hazijumlishwi kama sarafu. Sabini inakuacha na 30 "nzima". Ulemavu wa pili wa asilimia 30 huhesabiwa kwenye hiyo 30 tu, yaani 9. Unapata 79, inayokuzwa kuwa 80. Na kama PTSD peke yake ina angalau 60 nayo inakuzuia kushika kazi ya kukutosheleza maisha, omba kwa fomu 21-8940 ulipwe kiwango cha mia.

Ukikataliwa

Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, na ndani ya mwaka huo tarehe yako ya kwanza inalindwa. Soma kwanza ni nguzo ipi kati ya tatu (utambuzi, tukio au maoni ya mtaalamu) iliyoanguka. Kama ni ushahidi uliopungua, tafuta kipya chenye uhusiano na dai na upeleke fomu 20-0995. Kama ushahidi ulikuwepo ila aliyeamua aliuruka, fomu 20-0996 inampa afisa wa juu aangalie upya, lakini hapo huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja. Rufaa kwa Bodi ya rufaa ya VA, fomu 10182, ndiyo ndefu zaidi. Kosa la kawaida ni kukimbilia ya pili huku mfukoni una barua mpya ya daktari.

DAV, VFW na American Legion, mashirika ya wanajeshi wa zamani, wana wawakilishi walioidhinishwa, na hawalipishi kitu. Kwa sheria, hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa dai la kwanza. Wakili hulipwa baada ya uamuzi wa kwanza tu. Anayekuahidi asilimia mia kwa mgawo wa malipo yako ya baadaye, mwache.

CRSC

Huu ni mlango wa wenye pensheni ya jeshi, wakiwemo waliostaafishwa kwa ugonjwa kabla ya miaka 20, ambao pensheni yao inakatwa kwa sababu ya fidia ya VA. Unahitaji angalau asilimia 10 za VA. Fomu ni DD 2860, na inapelekwa kwa tawi lako la jeshi, si kwa VA. Weka ndani uamuzi kamili wa VA pamoja na kurasa za sababu, DD 214, hati za nishani, na rekodi yoyote ya wakati ule inayokutaja ukiwa kwenye tukio: ripoti baada ya mapigano, tathmini, maandishi ya zahanati ya kikosi. Kuwa ndani ya eneo la vita hakutoshi. Sababu zinazokubalika ni mapigano, kazi ya hatari kama kuruka kwa mwavuli, mazoezi yanayoiga vita, au zana ya kivita.

Kwa aliyestaafishwa kwa ugonjwa kabla ya miaka 20 kuna kikomo. Tuseme ana miaka 8, wastani wa mshahara dola 4,000, pensheni 2,000, na PTSD ya vita kwa 70. Kwa viwango vile vya Desemba 2024, VA inamlipa 1,759.19, pensheni inabaki 240.81. Pensheni ya miaka yake peke yake ingekuwa 2.5% × 8 × 4,000, yaani 800. CRSC itajaza hadi hapo tu: 559.19, bila kodi.

Malimbikizo yalikuwa yakikatwa kwenye miaka sita. Juni 12, 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Simon Soto, askari wa Marine mwenye PTSD kutoka Iraq, iliamua kikomo hicho hakihusu CRSC. Kama ulilipwa ya miaka sita tu, andikia tawi lako ukitaja uamuzi huo.

Mwenye miaka 20 na asilimia 50 au zaidi tayari hurudishiwa pensheni yake kupitia CRDP, mpango wa kupokea pensheni na fidia ya VA kwa pamoja, ambayo hutozwa kodi. Huwezi kupokea CRSC na CRDP zote mbili; kila Januari kuna dirisha la kubadili. Linganisha kinachobaki baada ya kodi, si namba ya juu kwenye barua.