Goti likiuma kwenye lami, fupisha hatua
Mnaokimbia alfajiri kwenye miteremko ya kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), jaribuni hili: fupisheni hatua, ziwe nyingi zaidi, kasi ibaki ileile. Hesabu mguu wa kulia unatua mara ngapi kwa dakika moja. Ukipata 80, lenga 84 hadi 88. Kila unapotua, ardhi inakusukuma kwa nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wako. Hatua ndefu inautupa unyayo mbele ya mwili, goti likiwa limenyooka, na hapo ndipo linapoumia. Ukitua karibu na usawa wa nyonga, goti limekunjika kidogo, misuli inasaidia kupokea nguvu hiyo. Ila usilazimishe kutua kwa vidole, utahamishia mzigo kwenye kano ya kisigino. Na ugoko ukiuma sehemu moja hata ukitembea, acha kukimbia, kamwone daktari.