Jinsi ya kutumia antibiotiki kwa kuku bila kuzalisha bakteria sugu

Kabla ya kununua dawa yoyote, hakikisha unajua unachokitibu. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, na gumboro ni magonjwa ya virusi, na antibiotiki haina uwezo wowote juu ya virusi. Ukimpa OTC, yaani oksitetrasaiklini, kuku mwenye mdondo, hutaponya ugonjwa wenyewe, ila bakteria dhaifu wa utumbo wake watakufa na wale wanaostahimili dawa watabaki na kuongezeka, kisha watawafikia watu kupitia kinyesi, mikono ya mchinjaji na nyama mbichi. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wamegundua, kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa, jeni ya mcr-1, ambayo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine na kumwezesha kuhimili kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindwa kutibika kwa dawa nyingine. Ukiona kolistini kwenye lebo ya dawa ya kuku, iache dukani.

Kinga ya mdondo ni chanjo. Chanjo ya I-2 hustahimili joto kuliko chanjo nyingi, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Tone hilo, pamoja na maranda makavu na banda lisilosongamana, litakuepusha na gharama kubwa ya dawa, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha ya mfugaji inapaswa kuanzia.

Daktari wa mifugo akithibitisha kwamba ugonjwa ni wa bakteria, pima dawa kwa kipimo kilichoandikwa na kamwe usikisie kwa kijiko cha chai. Changanya maji mapya kila siku, ondoa vyombo vingine vya maji ili kila kuku anywe dozi yake, na umalize siku zote ulizoelekezwa hata kama kuku wamechangamka siku ya pili. Andika ukutani tarehe ya dozi ya mwisho, kisha hesabu siku za kusubiri zilizotajwa kwenye lebo, ambazo ndani yake huuzi nyama wala mayai. Najua ni vigumu mteja anapofika na fedha mkononi wakati kuku wa nyama wanakula chakula kila siku, lakini mabaki ya dawa hayaondoki yote kwa kuchemsha.

Bakteria sugu, tofauti na mabaki hayo, hufa kwa moto kama bakteria wengine, hivyo pika kuku hadi nyama iliyo karibu na mfupa isiwe na rangi ya waridi. Usimwoshe kuku mbichi chini ya bomba, kwa kuwa matone hurukia vyombo na kachumbari iliyo karibu, na tumia kibao na kisu vingine kwa mboga zinazoliwa mbichi.

Maranda ya banda lililotibiwa yarundike yaoze vizuri kabla ya kuyapeleka kwenye bustani ya mchicha.