Somo: Kupanga tovuti ya kwanza ya biashara ndogo, kabla hujamtafuta fundi

Wakuu, salaam.

Kila habari za tovuti zikiibuka humu, swali huwa lilelile: fundi gani mzuri, na anatoza ngapi? Kwangu mimi fundi ni mtu wa mwisho kumtafuta. Somo hili ni la zile wiki tatu au nne kabla yake. Mfano wangu ni karakana ya samani ya kaka yangu pale Keko, Dar es Salaam, maana tovuti yake tumeihangaikia mara mbili. Mara ya kwanza tuliharibu, na nitasema tuliharibia wapi.

Hatua ya 1: Nunua daftari

Sitanii. Kwa wiki mbili, kila mteja anayepiga simu au kutuma ujumbe, andika alichouliza kwa maneno yake mwenyewe. Usiyasafishe. La kaka lilijaa vitu kama hivi: "Sita kwa sita ya mninga shilingi ngapi?" "Hiyo mbao kweli au MDF (mbao ya unga uliogandamizwa)?" "Mnaleta mpaka Mbagala?" "Nikitoa advansi leo kitanda napata lini?"

Baada ya wiki mbili tulikaa tukayachambua. Kurasa nyingi zile zilikuwa na maswali saba tu yanayorudiwa kwa sauti tofauti. Hayo saba ndiyo tovuti yenyewe. Hakuna hata mteja mmoja aliyeuliza dira na dhamira ya karakana, lakini tovuti yetu ya kwanza ilifunguka na dira na dhamira.

Lilitokea na swali ambalo hatukulitegemea: "Mbao zenu zimekauka?" Kaka hakuwahi kuliandika popote kwa sababu kwake ni jambo la kawaida. Mbao mbichi ikitengenezewa kitanda hupinda, hupasuka, na viungo hulegea. Mteja aliyewahi kuuziwa kitanda cha namna hiyo hasahau. Sasa jibu lake lina ukurasa wake, na picha ya mbao zilizopangwa kivulini zikiwa zimetenganishwa na vijiti ili hewa ipite.

Hatua ya 2: Akishasoma, afanye nini?

Chagua jambo moja. Kwa karakana ni kutuma ujumbe WhatsApp, basi. Kitanda hakinunuliwi kwa kubonyeza kitufe cha "weka kikapuni". Mtu anataka kubadili rangi ya vanishi, kuongeza droo, na kuomba apunguziwe. Mashine ya kulipia mtandaoni ingekuwa gharama ya bure. Ukiuza kitu chenye bei moja na kinachofungashika, kama sabuni au asali, hesabu inabadilika.

Kiungo cha WhatsApp unakitengeneza mwenyewe: wa.me, mkwaju (/), halafu namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiacha sifuri ndani hakifunguki, na wengi hukosea hapo.

Hatua ya 3: Chora

Kata karatasi ziwe za ukubwa wa simu, kwa sababu wateja wako watakuja kwa simu. Karatasi moja, ukurasa mmoja. Sisi tulipata nne: mwanzo, kazi zetu na bei, mbao tunazotumia, mahali tulipo na usafirishaji. Kitu kisichoenea kwenye karatasi hiyo, mteja hatakifikia.

Hatua ya 4: Picha

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wengi hukwama miezi. Fundi wa tovuti hawezi kukusaidia. Hana kitanda chako.

Piga asubuhi au jioni nje ya karakana, jua likiwa halijawa kali, na ondoa ndoo, kandambili na kijana anayekunywa chai nyuma. Kwa kila kitu piga picha tatu: kizima, kiungo kwa karibu, na nyuma yake. Naam, nyuma. Mteja wa samani anajua ujanja umefichwa nyuma ya kabati.

Usichukue picha za mtandaoni. Mbali na kwamba ni mali ya mtu, siku moja mteja atakuja na picha hiyohiyo kwenye simu aseme nataka hiki, na wewe hujawahi kukitengeneza.

Halafu zipunguze uzito. Picha ya simu ya sasa hufika megabaiti tatu au nne. Ishushe chini ya kilobaiti 200. Anayefungua kwa bando la siku hatakusubiri.

Hatua ya 5: Jina, na liwe lako

Soma hapa taratibu. Domeini, yaani jina la tovuti yako mtandaoni, ni hati ya kiwanja. Seva, ile kompyuta inayotunza kurasa zako, ni chumba cha kupanga. Ukikosana na mwenye chumba unahama na vitu vyako. Lakini hati ikiwa na jina la mtu mwingine, kiwanja huna.

Mara ya kwanza fundi alitusajilia domeini kwa barua pepe yake. Mwaka ukaisha, malipo yakapita, yeye kabadili namba. Jina likazimika wakati kadi na bango vimeshachapwa. Tulianza upya na jina lingine.

Kwa hiyo: fungua akaunti mwenyewe kwa wakala wa domeini, tumia barua pepe ya biashara unayoishika wewe, lipa wewe, ndipo umpe fundi ruhusa ya kuingia. Majina yanayoishia .tz yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ila unayanunua kwa mawakala wao. Biashara huchukua .co.tz, mashirika .or.tz, na hoteli zina .hotel.tz yao. Chagua jina ambalo ukilitaja kwenye simu yenye kelele mtu analiandika bila kukosea.

Hatua ya 6: Mwaka wa pili

Andika gharama za mwaka wa pili kabla ya wa kwanza: domeini, seva, na nani atabadilisha bei mninga ikipanda. Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ya tovuti ianze na https, hutolewa bure na huduma ya Let's Encrypt, kwa hiyo ukitozwa, uliza unalipia nini.

Sasa unaweza kumpigia fundi.

MASWALI YA WANACHAMA

Nina wafuasi wa kutosha Instagram. Tovuti ya nini?
Kama wanakununulia, usiwe na haraka. Ila mtu anayeandika Google "kabati la nguo Keko" si mfuasi wako, na bei uliyoposti Machi hataifukua. Kabla ya tovuti, sajili karakana yako kwenye ramani ya Google, ni bure.

Mkuu, bei niweke? Majirani watazichungulia.
Majirani zako wanazijua tayari, wanatuma mtoto kuuliza. Weka "kuanzia" na useme inabeba nini: ukubwa, mbao, usafiri umo au haumo. Kaka alikataa mwanzoni. Ila mteja akishaiona bei, akipiga anakuwa ameshajua anaingia wapi, mazungumzo yanaanzia kwenye rangi.

Kiswahili au Kiingereza?
Rudi kwenye daftari. Waliuliza kwa lugha gani? Mwenye nyumba ya wageni Pangani atajibu tofauti na fundi wa Keko.

Niko Mombasa, hizi hatua zinanihusu?
Zote, isipokuwa jina: huko ni .co.ke, na msimamizi ni KeNIC. Namba ya WhatsApp ianze na 254.

Nataka fomu ya watu kuacha majina na namba. Kuna shida kisheria?
Si shida, ni wajibu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Kenya ina yao ya 2019. Omba unachohitaji tu, sema utakitumia kwa nini, usigawe. Tume wana utaratibu wa kujisajili kwa wanaokusanya taarifa, uliza kwao kabla hujaweka fomu. Sisi tuliifuta fomu, WhatsApp ilitosha.

Tuwekee basi kiungo cha hiyo tovuti ya kaka tuone.
Jina lipo, safari hii kwa barua pepe yake mwenyewe. Zimebaki picha za makabati mawili. Yalikuwa matatu, moja limeuzwa jana kabla sijafika na simu.