Flashi Inaponakili Polepole: Anza na Tundu

Katika chumba changu cha kazi hapa Ngamiani, Tanga, wateja wengi huleta flashi wakiamini kwamba imekufa, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye tundu la kompyuta.

Hatua ya kwanza ni kupima. Nakili faili moja kubwa, kwa mfano video ya gigabaiti 2, kisha usome kasi baada ya nusu dakika, kwa sababu mwanzoni kompyuta huipokea data kwenye kumbukumbu yake yenyewe na kuonyesha namba isiyo ya kweli. Usipime kwa folda yenye maelfu ya picha ndogondogo, kwani kila faili huandikishwa peke yake na hata flashi nzima husuasua. Folda ya aina hiyo ni heri uibane kwanza iwe faili moja ya zipu.

Hatua ya pili, chunguza tundu. Tundu la toleo la zamani, USB 2.0, lina ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), ambazo kazini huwa kama megabaiti 30 hadi 40, wakati toleo jipya zaidi, USB 3.0, lililotoka mwaka 2008, lina ukomo wa gigabiti 5 kwa sekunde. Ulimi wa plastiki ndani ya tundu la 3.0 aghalabu ni wa buluu. Chomeka flashi humo moja kwa moja, bila kebo ya kurefusha, na uisukume kwa mkupuo mmoja hadi mwisho: pini nne za 2.0 hugusana kabla ya zile tano za ziada, kwa hiyo ukiingiza taratibu kompyuta huweza kuitambua flashi kama ya 2.0.

Hatua ya tatu inatuhusu sana sisi watu wa pwani. Hewa ya chumvi hula pini. Nilipomulika kwa tochi tundu la kompyuta mpakato ya mwalimu mmoja, niliona ukungu wa kijani juu ya pini za mbele. Nilizima kompyuta, nikasafisha kwa brashi laini yenye spiriti ya isopropili, nikaacha ikauke kabisa, na kasi ya 3.0 ikarudi.

Mwisho, ijaribu flashi kwenye kompyuta nyingine kwa faili ileile. Ikiwa inasuasua huko pia, kumbukumbu yake ni duni au imechoka, hivyo hamisha faili zote kabla hujaifomati, yaani kuifuta yote na kuiandaa upya.